Aliyekataa Kuandika

Barua kutoka Ujerumani ilifika siku ya Jumanne, na Mzee Gerhard hakukubali ifunguliwe mpaka avae shati safi.

Juvénal alimvisha lile la bluu, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akakisukuma kiti chake cha magurudumu hadi kwenye meza ya dirishani. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu aanze kumtunza mzee huyo katika nyumba yake ya mawe kule Kensington, Johannesburg. Kila asubuhi alitoka Doornfontein, alikokaa na mkewe na binti yao, akapanda teksi, akashuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya Roberts Avenue na kukipanda kilima kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa na kumsomea. Mzee alikuwa na umri wa miaka tisini na moja. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto hawakujaliwa, jicho lake moja lilikuwa limepofuka, na la pili halikuona tena maandishi madogo. Ndiyo maana aliwaomba watu wa kwao wamwandikie kwa Kiingereza, lugha ambayo msaidizi wake angeweza kumsomea.

“Haya, soma,” alisema.

Barua ilitoka kwa mtunza kumbukumbu wa mji mdogo ambako Mzee Gerhard alizaliwa. Alieleza kwa heshima kwamba halmashauri ya mji imeamua kuweka kibao cha shaba mlangoni pa ofisi yao, kuwakumbuka watumishi wa serikali walioupinga utawala wa Wanazi. Watumishi hao walikuwa wawili. Wa kwanza ni Konrad Althoff, msajili wa vizazi na vifo, baba yake Mzee Gerhard. Wa pili ni Reinhold Beck, msajili aliyemfuata.

Mzee aliinua mkono kumsimamisha. 

“Rudia hilo jina la pili.”

“Reinhold Beck.”

“Beck,” mzee alisema, kama mtu aliyeuma kitu kichungu. “Kaa chini, Juvénal. Acha chai. Kaa.”

Juvénal alikuwa akijua kwamba baba wa mzee huyu alikufa mikononi mwa Wanazi. Siku hiyo ndipo alipoisikia habari yote.

Mwaka 1940 vyeti vya vifo vilianza kumfikia Konrad Althoff kutoka hospitali moja ya wagonjwa wa akili, mbali na mji wao. Sheria ilimtaka anakili kila kifo katika daftari la kuzaliwa la marehemu. Alinakili cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa cha bibi kizee wa mtaa wao, na kilisema bibi huyo amekufa kwa jipu la jino. Konrad alimfahamu bibi yule tangu utoto. Hakuwa na hata jino moja kinywani. Kikaja cha tano, kikaja cha sita, vyote vya wiki ile ile, na saini ni ya daktari yule yule. Konrad akafunga daftari. Akamwandikia mwendesha mashtaka kwamba watu wa mji wake wanauawa, na kwamba yeye hataandika uongo katika daftari la serikali.

“Walimfukuza kazi kwanza,” Mzee Gerhard alisema. “Halafu wakamfunga, halafu wakampeleka kambini. Kiti chake akapewa Beck, karani wake. Beck akalifungua daftari akaviandika vyote, mpaka cha yule bibi. Baba alipokufa, mwaka arobaini na tatu, walituletea karatasi kwamba ameuawa na nimonia. Unajua nani aliyeinakili? Beck. Kwa mwandiko mzuri.”

“Na sasa wanasema Beck naye alipinga?”

“Vita vilipokwisha, kila mtumishi alipitishwa kwenye baraza la kuchunguzwa. Beck akaja kwa mama yangu na kipande cha nyama mfukoni. Tulikuwa na njaa, Juvénal. Akamwomba atie saini kwamba yeye Beck alimsaidia baba kwa siri, na kwamba naye alikataa kuandika. Akaahidi kumshughulikia hati ya ujane, apate malipo ya mjane wa mtumishi. Mama akatia saini. Beck akarudi ofisini, akakaa mpaka akastaafu kwa heshima. Hati ya ujane mama hakuiona. Walimwambia mumewe alifukuzwa kwa mujibu wa sheria.” Alipumua. “Mtu akiiba mkate, namwelewa. Huyu aliiba kifo cha mtu.”

Juvénal aliinamisha macho. Mzee akanyoosha mkono na kumshika kifundo cha mkono.

“Wewe unanielewa kuliko mtu yeyote katika mji huu. Chukua kalamu, tuwajibu.”

Alisema hivyo kwa sababu siku ile ya kwanza, Juvénal alipokuja kuomba kazi, mzee alimwuliza kwa nini alikimbia Burundi, na Juvénal akamsimulia. Alikuwa msajili wa tarafa. Mwaka wa vurugu, 2015, aliamriwa kuandika kwamba watu waliookotwa mitaroni na matundu ya risasi wamekufa kwa malaria, akakataa, wakamtafuta wamuue. Mzee alilia siku hiyo. Hakuwauliza wengine waliokuja kuomba kazi hata swali moja.

Juvénal akaichukua kalamu. Aliiandika barua nzima kama alivyotamkiwa, bila kufuta neno. *Beck hakukataa. Beck aliandika.* Mzee aliisogeza karatasi karibu na jicho lake zima, akatabasamu kidogo.

“Mwandiko wa msajili,” akasema. “Hata mimi kipofu nauona.”

*

Goreth, mkewe Juvénal, alikuwa fundi cherehani. Alishonea mle mle chumbani, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Jioni ile alimwona mumewe ameketi na viatu mguuni, sahani ya ugali mbele yake haijaguswa.

“Baba Inès, unaumwa?”

Akamweleza. Goreth alisikiliza huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alipomaliza kusikia hakushtuka, kwa maana yeye peke yake ndiye aliyejua kilichotokea Burundi.

Katika ofisi ile ya tarafa walikuwa wasajili wawili, meza zikitazamana. Aliyekataa ni Emery. Mkuu wa tarafa alipoleta orodha, Emery aliisoma mpaka mwisho, akafunga daftari akasema, “Mimi naandika nilichokiona.” Walimchukua Alhamisi saa sita mchana, mvua ikinyesha, na koti lake likabaki nyuma ya kiti. Mkuu wa tarafa akalichukua daftari, akaliweka mbele ya Juvénal. Juvénal akaandika. Majina kumi na moja, malaria. Jumatatu iliyofuata likaletwa la kumi na mbili, Emery Bigirindavyi, miaka arobaini na mmoja. Akaandika hilo nalo. Malaria kali.

Miezi minane baadaye wale waliomwamuru wakaanza kuwaondoa wote waliojua, naye akatoroka na mke na mtoto. Walipofika Johannesburg, afisa wa wakimbizi alipomwuliza, “Wewe hasa ulifanya nini hata wakutafute?”, kinywa kilifunguka na habari ya Emery ikatoka, Juvénal akiwa ndani yake. Afisa aliacha kuandika akamtazama kwa heshima. Tangu siku ile ikawa yake. Aliisimulia kanisani, akaisimulia kwenye mikutano ya wakimbizi, akaisimulia kwa binti yake.

“Mzee wa watu anaumia,” Goreth alisema mwishowe. “Lakini hayo ni ya Ulaya, ya watu waliokwisha kuoza. Usiyalete humu.”

“Emery naye ameoza?”

“Emery hahitaji karatasi ya ukimbizi. Maiti haombwi kitambulisho barabarani.” Aliiweka sindano chini. “Inès anasoma hapo chuoni kwa karatasi hiyo. Mimi napita mbele ya polisi kwa karatasi hiyo. Ukitaka kuwa mtu mwema leo, ulikuwa wapi ile Alhamisi?”

 Alikuwepo. Alikuwa mita mbili kutoka kwa Emery.

*

Jibu la Ujerumani lilichukua wiki saba. Mzee Gerhard alikuwa amedhoofika. Chakula alikitema, na siku nyingine alimwita Juvénal kwa jina la mjomba wake. Lakini bahasha ilipokuja, akili zilimrudia zote. Shati la bluu hakulitaka.

“Soma tu.”

Mtunza kumbukumbu alisikitika sana. Alikuwa amepekua faili zote. Hati iliyopo ni moja, ushahidi uliotolewa mwaka 1946 mbele ya baraza, kwamba Bwana Beck alikataa kwa siri kushirikiana na uovu, na hati hiyo imetiwa saini na mjane wa Bwana Althoff mwenyewe. Hati ya kuipinga hakuna. Wajukuu wa Bwana Beck wameialika halmashauri nzima kwenye sherehe. Kibao kimeshachongwa. Wangefurahi kumtumia Bwana Gerhard picha.

Juvénal aliikunja barua. Nje, mtu alikuwa akikata majani kwa mashine, na sauti yake ilipanda na kushuka kama nyuki.

“Mama yangu,” Mzee Gerhard alisema. “Mama yangu ndiye aliyetia saini. Kwa kipande cha nyama, na mimi nilikila.” Machozi yalimtoka bila sauti, yakiingia katika mikunjo ya uso. “Miaka themanini naibeba. Nitakufa, na hatabaki hata mmoja anayejua kwamba Beck aliandika.”

“Mimi nitabaki,” Juvénal alisema.

“Ndiyo. Wewe. Wewe na baba yangu…”

“Mzee, mimi ni Beck.”

Hakuwa amepanga kusema. Mzee aligeuza kichwa polepole, akimtafuta kwa lile jicho. Juvénal akasema yote, bila kujitetea: meza mbili, Alhamisi, majina kumi na moja na la kumi na mbili. Mashine ya majani ilizimika katikati ya maneno yake, na sauti yake mwenyewe ikamshtua jinsi ilivyokuwa ya kawaida, kama ya mtu anayesoma orodha.

Mzee Gerhard alijivuta nyuma kitini.

“Aliitwa nani?”

“Emery.”

“Jina zima.”

“Emery Bigirindavyi.”

“Aliacha mke?”

“Léocadie. Na binti, Héritière. Wako kambini Tanzania, upande wa Kigoma.”

“Wanajua unavyotembea na mtu wao mdomoni?”

“Sijui, Mzee.”

“Waambie,” mzee alisema. “Usiniambie mimi. Mimi si mtu wa kukusamehe. Hukuniibia mimi.” Akafumba macho. “Kesho usije. Nitatafuta mwingine.”

Juvénal alisimama. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

“Kabla hujaenda, nilaze. Siwezi peke yangu.”

Akarudi. Akamwinua kama alivyomwinua kila siku, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti. Mara zote mzee alimkumbatia shingoni ili asianguke. Safari hii aliiacha mikono yake ining’inie.

*

Namba ya simu aliipata kwa Mrundi mmoja mwuza vitambaa aliyekuwa na dada yake kambini. Aliandika ujumbe siku mbili, akiufuta na kuuanza upya. Mwishoni ulikuwa mfupi. Alimwambia Léocadie kwamba alichokisimulia ni cha Emery, kwamba yeye ndiye aliyeandika, na kwamba hathubutu kuomba msamaha.

Siku ya tatu ilikuja sauti iliyorekodiwa. Aliisikiliza amesimama kwenye ngazi za jengo, mkono mmoja umeziba sikio la pili kwa sababu ya kelele za watu waliobeba ndoo za maji. Léocadie aliongea Kirundi cha taratibu, kama mtu aliyechoka hata kukasirika.

“Juvénal, nimesikia. Ulidhani unaniletea habari, kumbe sisi tulikuona. Ni miaka minne sasa. Héritière alionyeshwa kwenye simu ya jirani, umeshika kipaza sauti kanisani, unatoa ushuhuda. Uliyasema maneno ya baba yake, ‘Mimi naandika nilichokiona.’ Ulilia vizuri. Mwanangu alitapika.

“Ngoja nikwambie usilolijua. Tuliitwa kuhojiwa, tupelekwe kuishi nchi ya tatu. Tukaeleza Emery alivyokufa. Mwenye kutuhoji akatoka, akarudi na kompyuta, akatuonyesha wewe. Akasema, habari hii ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai Afrika Kusini. Akasema tumeiokota mtandaoni. Tukaapa. Akauliza, mna karatasi? Nikampa cheti cha kifo. Kimeandikwa malaria. Kwa mwandiko wako.

“Faili likafungwa. Tulikata rufaa, likafungwa tena. Sasa wanaturudisha nyumbani, majina yetu yako kwenye orodha ya mwisho wa mwezi. Huko mkuu wa tarafa ni yule yule. Kama una neno, usiniambie mimi. Kaliseme pale uliposema uongo.”

Juvénal alikaa kwenye ngazi. Watu walimruka wakipita na ndoo zao. Mama mmoja alimwuliza kama anaumwa, akamjibu hapana, mama.

Goreth alipoambiwa alizima cherehani. Alisikiliza ile sauti mara moja tu, akairudisha simu.

“Sikujua hilo,” alisema. Kisha akauliza, “Utafanya nini?”

“Nitaapa. Niandike kiapo, nimtumie, awapelekee waliowahoji.”

“Na kikirudi huku? Wakiinyang’anya karatasi ya Inès?”

“Mama Inès, wanawarudisha kwa yule mtu.”

“Nimesikia!” Alipiga meza na mkasi ukaanguka. “Nimesikia, sina masikio ya mbao. Léocadie alinishikia mtoto siku nilipojifungua, unadhani nimesahau? Nenda. Lakini usitake nikusindikize.”

Alianza kwa mchungaji, akamwomba aiondoe ile video. Mchungaji alisikitika, akasema watu wengi wameguswa nayo, wengine wameokoka. Ushuhuda ukishatolewa ni wa Mungu, si wa ndugu Juvénal tena. Wataiombea. Kutoka hapo akaenda kituo cha polisi na kurasa zake nne, mahali ambapo viapo hugongwa muhuri bila malipo. Alikuwa amejiandaa kwa maswali. Alikuwa amejiandaa hata kwa pingu. Askari wa kike aliyekuwa zamu alikuwa akiongea na mwenzake kwa Kizulu na kucheka. Alimwuliza kama anaelewa maana ya kiapo, akamwonyesha pa kutia saini, akapiga muhuri kurasa zote nne pasipo kusoma hata mstari.

“Sharp, sawa baba,” akasema. “Anayefuata.”

Juvénal alizipiga picha kurasa zile palepale nje ya kituo, akamtumia Léocadie. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Alama moja ya kijivu ikatokea chini ya picha. Akasubiri ya pili, ya kuonyesha kwamba zimefika. Alipiga simu, haikupatikana. Kesho yake alipiga asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne mwuza vitambaa alimwambia kwamba dada yake ameona malori mawili yakiondoka mapema kuliko ilivyotangazwa, na kwamba kwenye mpaka simu za watu huchukuliwa. Nani alikuwa ndani, dada hakujua. Kibanda cha Léocadie kilikuwa wazi, na wengine walikuwa wameshahamia.

Kiapo akakituma kambini kwa barua pepe, kwenye kila anwani aliyoweza kuipata. Anwani moja ilimjibu yenyewe, ikimshukuru kwa mawasiliano.

Mzee Gerhard alifariki mwezi uliofuata. Juvénal alizipata habari hizo kwa jirani wa Kensington aliyekutana naye sokoni, mazishi yakiwa yamepita.

*

Ofisi ya wakimbizi haikumwita. Kila alipoona polisi barabarani aliwangoja wamshike, nao wakapita. Goreth alishona, akampa chakula, akanyamaza. Inès alikuwa ameambiwa na mama yake. Kwa wiki tatu alitoka na kuingia bila kumsalimu baba yake.

Jumapili moja mchana, Goreth akiwa kanisani, binti alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuja nchi hii mdogo, Kiswahili alikisikia vizuri ila hakukisema kwa raha. Akiongea na baba yake alitumia Kiingereza. Siku hiyo alijitahidi.

“Baba. Huyo Emery. Alikuwa… mtu wa namna gani?”

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Afisa hakuuliza, wala kanisa, wala mzee. Juvénal alijiweka sawa kitini, akatafuta pa kuanzia. Alijua kwamba Emery alipenda mzaha, na kwamba mkono wake mmoja ulikuwa na kovu, ila hakukumbuka ni upi. Akafumba macho airudie ile Alhamisi, akione chumba, amwone mwenzake akilifunga daftari.

Chumba alikiona. Mvua aliiona dirishani, orodha mezani, daftari likifungwa. Lakini mikono iliyokuwa ikilifunga ilikuwa mikono yake mwenyewe, na sauti iliyosema ilikuwa sauti yake, ile ya kwenye kipaza sauti. Akajaribu tena, polepole. Kwenye kiti cha pili, ng’ambo ya meza, palikuwa na koti tu.

“Baba?” Inès alisema.

“Uso wake,” akasema, “siuoni tena.”